Kaunta ya jikoni katika nyumba ya kale ya mawe

Dada yangu, umeuliza uweke nini juu ya kaunta ya jikoni katika nyumba ya mawe uliyorithi Lamu, ukaeleza kwamba fundi anakushawishi uchukue marumaru nyeupe. Nakusihi usiichukue. Marumaru ina asili moja na chokaa, na jikoni mwa watu wa pwani hamkosekani ndimu, ukwaju wala siki, vitu ambavyo huila taratibu na kuiachia mabaka yaliyofifia ambayo hayatoki hata ukiyasugua.

Mimi ningechagua mbao za mvule kwa sehemu kubwa, kwa kuwa mvule una mafuta ya asili yanayouwezesha kustahimili unyevu na mchwa, na rangi yake, ambayo huzidi kukolea kadiri miaka inavyopita, itapatana vizuri sana na milango na boriti zako. Karibu na sinki na jiko la gesi, weka kipande cha graniti, kwani hakidhuriwi na ndimu wala sufuria ya moto.

Hata hivyo, graniti yenye unene wa sentimita 3 huwa na uzito wa takribani kilo 80 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo, ikiwa jiko liko ghorofani, boriti za mikoko zikaguliwe kwanza. Vilevile, ukuta ulio nyuma ya kaunta upigwe lipu ya chokaa, si ya saruji, maana saruji huzuia unyevu usitoke katika mawe ya matumbawe, na lipu hatimaye hubanduka.