Kuongoza ofisi ya kusimamia ngumi: kazi iko kwenye kibali, ulingoni mnaenda kuona matokeo tu

Wakuu, mleta mada kauliza hivi: mdogo wake ni mwanasheria, ameambiwa kuna nafasi ya kuongoza ofisi ya serikali inayosimamia ngumi za kulipwa na michezo mingine ya mapigano, na anataka kujua kazi yenyewe ikoje, maana mtaani wanasema ni kula bata tu: kiti cha mbele ukumbini na picha na mabingwa. Wengi wamemjibu kwa utani. Mimi kazi hizo nimezifanya hapa Dar, nikaanzia kwenye mizani mpaka nikakalia kiti chenyewe. Ofisi siitaji na watu siwataji, lakini nitaeleza.

Kiti cha mbele kipo, ni kweli. Ila pambano likishaanza, mkuu wa ofisi hana kubwa la kufanya. Mwamuzi ana mamlaka yake, majaji wana kadi zao, daktari yuko pembeni ya kamba. Kazi ya mkuu ilifanyika au iliharibika wiki kadhaa nyuma, siku promota alipoingia ofisini na karatasi ya orodha ya mapambano akasema, "Mzee, nigongee muhuri hapa, mabango yameshachapwa."

Hiyo karatasi ndiyo kazi. Ina majina mawili mawili: kushoto bondia ambaye promota anamjenga, kulia mpinzani. Mimi nilikuwa naanza kusoma kulia. Huyu kapanda ulingoni lini mara ya mwisho? Kapoteza mangapi kwa KO, yaani kuangushwa asiweze kuendelea, na kwa nani? BoxRec, tovuti ya rekodi za mabondia, inasaidia, lakini vijana wetu mmoja anapigana kwa jina la baba, kesho la babu, keshokutwa la utani, na unaweza kukuta mtu mmoja ana rekodi mbili. Kwa hiyo unainua simu unamtafuta kocha wake, Manzese au Keko. Unamuuliza, "Kijana bado yupo mazoezini?" Kocha anavuta pumzi kwanza. "Bosi, siku hizi yuko na bodaboda, ila akiitwa anakuja."

Huyo ndiye wa kumkataa. Anakuja kupigwa apate kodi ya chumba. Promota analijua hilo, watazamaji wa kiti cha bei mbaya wanalijua, na yeye mwenyewe analijua. Ukigonga muhuri, na wewe umeingia.

Najua kuna mtu ataniuliza habari ya Mwakinyo. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham kupigana na Sam Eggington, Waingereza wakamwona ni mpinzani wa kumpasha mtu wao, na raundi ya pili pambano likasimamishwa, Mtanzania kashinda. Je, msimamizi mkali si angemkatalia? Hapana. Kutopewa nafasi na wacheza kamari siyo sababu ya kunyimwa ruhusa. Mwakinyo alikuwa bondia aliye kazini. Anayekataliwa ni yule asiye na mazoezi, au aliyelala kwa KO juzi juzi, au yule aliyepigiwa simu Jumatano apande ndege akapigane Jumamosi kwenye nchi ya watu, tena kilo ambazo siyo zake. Simu za namna hiyo huja nyingi, na wakala wa ng'ambo anachotaka kwako ni barua ya ruhusa tu. Marekani kamisheni nyingi humpumzisha bondia aliyepigwa KO siku 60 hivi, na sheria yao ya mwaka 1996 inataka jimbo moja liheshimu zuio la kitabibu lililotolewa na jimbo lingine. Huku kwetu kijana anaweza kuanguka Dar, akavuka Namanga na begi lake la glovu, akapanda ulingoni Nairobi kabla uvimbe haujakauka, kama wakuu wa ofisi hizi mbili hawana desturi ya kupigiana simu.

Upande wa mizani, yaani kupima uzito kabla ya pambano, watu huona ni sherehe: mabondia kutunishiana misuli, waandishi, kelele. Kwanza hakikisha mizani ina muhuri wa Wakala wa Vipimo na imekaa kwenye sakafu ngumu, maana juu ya zulia la hoteli inakudanganya. Nilikuwa natangulia na mfuko wa sementi wa kilo 50 kuijaribu kabla watu hawajafika. Halafu acha namba, mtazame mtu. Namkumbuka kijana mmoja wa uzito wa unyoya, aliyetakiwa asizidi kilo 57.15. Alikuja amevaa nailoni ndani ya sweta mbili, midomo imepauka, anatema mate kwenye chupa kwa kujilazimisha ili atoe hata gramu chache za mwisho. Alipanda, namba ikakubali, kocha akaruka kwa furaha. Daktari wetu akamfinya ngozi ya mgongo wa kiganja, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama kama hema. Nikamwondoa kwenye orodha. Promota alipiga kelele mpaka wapishi wakatoka jikoni kuchungulia, na yule kijana hanisalimii mpaka leo. California walipitisha mwaka 2017 mpango wa mambo kumi dhidi ya huku kukausha mwili, na ndani yake mpiganaji anayerudisha zaidi ya asilimia kumi ya uzito hadi siku ya pambano huambiwa ahamie uzito wa juu. Hilo mdogo wako aliibe, halihitaji bajeti.

Sasa hospitali. Kwa kuwa ni mwanasheria, mwambie asome kesi ya Michael Watson dhidi ya bodi ya ngumi ya Uingereza, yaani BBBC. Tarehe 21 Septemba 1991, London, Watson alisimamishwa raundi ya 12 na Chris Eubank, akaanguka. Damu ilikuwa inavuja ndani ya fuvu na kuubana ubongo. Kwa jeraha la aina hiyo dakika ndiyo dawa. Huduma stahiki haikuwapo pembeni ya ulingo, na hospitali aliyopelekwa kwanza haikuwa na upasuaji wa ubongo, ikabidi ahamishwe. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ikasema bodi ilikuwa na wajibu kwake na haikuutimiza. Bodi ile wala si chombo cha serikali, na bado ilibanwa: wakamalizana kwa pauni 400,000 na bodi ikalazimika kuuza makao yake London.

Unadhani hiyo ni ya zamani? Novemba 2013, New York, kwenye jengo la Madison Square Garden, Magomed Abdusalamov alipigwa raundi kumi na Mike Perez. Uso umevimba, akapimwa, akaruhusiwa, akaenda hospitali kwa teksi. Kwa teksi, wakati kamisheni iliyosimamia pambano ni ya serikali ya jimbo. Mwaka 2017 jimbo lilikubali kuilipa familia yake dola milioni 22.

Hapa Dar hesabu yake iko hivi. Upasuaji wa ubongo ni MOI, Taasisi ya Mifupa, pale Muhimbili. Ukumbi uko Mbagala au Masaki au Sabasaba, pambano kubwa linapigwa saa sita usiku. Msimamizi anatakiwa awe amepita njia hiyo mwenyewe saa zile zile, anajua pa kukatiza, na MOI wana taarifa kwamba usiku huo kuna ngumi. Magari ya wagonjwa yawe mawili. Likiwa moja, likiondoka na mtu pambano linalofuata halipigwi mpaka lirudi, na ukumbi uliojaa watu wamekunywa hautakuelewa. Tena usiridhike kuliona gari limepaki. Nimewahi kufungua mlango wa nyuma nikakuta makreti ya soda, na mtungi wa oksijeni uko chini yake, mshale umelala sifuri. Usiku mwingine gari lilikuwa safi kabisa ila dereva kaingia ndani kuangalia vitasa, funguo mfukoni.

Vipimo vya kabla, yaani damu kwa Ukimwi na homa ya ini, macho, picha ya ubongo, na mimba kwa mabondia wa kike, viko wazi kwenye kanuni nyingi. Tatizo ni nani alipie. Picha ya ubongo inaweza kuzidi malipo yote ya kijana wa mapambano ya utangulizi. Msimamo wangu ni kwamba alipie promota, na asiyeweza apunguze mapambano kwenye orodha. Ngumi na mateke, na haya mapambano ya kwenye kizimba, mchezo ni huo huo wa karatasi, ila tafuta daktari anayeelewa viungo na kukabwa shingo.

Malipo nayo. Mabondia wengi hupewa kianzio, kilichobaki "tutamalizana usiku." Usiku ukifika, saa nane, utawakuta koridoni bado wana bandeji mikononi, simu ya promota haipatikani. Dawa ni moja tu: pesa yote iwe benki kabla ya siku ya kupima uzito, na risiti iwe mezani kwako. Bila risiti hakuna mizani. Watakuita mchawi wa mchezo. Waache waite.

Ila yote niliyosema yanategemea kitu ambacho wachangiaji hawajakigusa: ofisi yenyewe inakula wapi? Ofisi za namna hii duniani kwa sehemu kubwa huishi kwa ada za leseni, ada za vibali na asilimia ya viingilio. Nevada, kwa mfano, hutoza asilimia 8 ya mauzo ya tiketi. Nevada wana Las Vegas, wanaweza kumkataa mtu leo na kesho mwingine akaja. Ofisi yenye mapambano machache inayotegemea ada kulipa pango na karani ni kama trafiki anayelipwa kwa idadi ya magari aliyoyaacha yapite. Kila ukikataa kibali umekataa mshahara wa watu wako. Hata California, mwaka 2012 kamisheni yao ilikaribia kuishiwa kabisa. Nimekaa kwenye kikao ambacho sote tulijua pambano halifai, mhasibu akasoma salio la benki, chumba kikawa kimya, muhuri ukagongwa. Kura yangu ilikuwa ya kupinga na iko kwenye kumbukumbu, lakini haikumsaidia bondia.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu vyama vya ngumi za kulipwa vilikuwa kadhaa. Promota aliyekataliwa asubuhi alikuwa anapata kibali jioni kwingine, na mikanda ya ubingwa wa taifa ikawa mingi kuliko mabingwa. Sasa Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa, TPBRC, iko moja, chini ya macho ya Baraza la Michezo la Taifa ambalo sheria yake ni ya mwaka 1967. Hilo peke yake limeziba tundu kubwa. Tundu la fedha ni la kwake yeyote anayeshika ofisi.

Kuhusu sifa: kuwa hajawahi kuvaa glovu si tatizo. Waliowahi kupigana wana huruma na mabondia lakini pia wana marafiki mapromota, na simu za marafiki saa nne usiku ni ngumu kuzikata. Sheria itamsaidia, mradi awe na kocha mmoja mzee wa kumwambia ukweli na daktari mmoja asiyetishwa na mtu.

Akiitwa kwenye usaili, asiulize gari wala nyumba. Aulize mambo mawili, na majibu yawe kwa maandishi ndani ya barua ya uteuzi: mishahara ya ofisi inatoka fungu gani, na je, anaweza kufuta pambano saa mbili kabla ya kengele bila kumpigia simu mtu yeyote juu yake. Wakimjibu "tutaona huko mbele," aendelee na uwakili wake.