Simu Bwenini

SWALI: Binti yangu anasoma India, na bweni lake linamtaka akabidhi simu kila jioni. Je, chuo kina mamlaka hayo? Mzazi, Tanga.

JIBU: Chuo kinaweza kulinda utulivu wa bweni, lakini si kwa kiasi hicho. Mwaka 2019, Mahakama Kuu ya Kerala, jimbo la kusini mwa India, ilisikiliza shauri la mwanafunzi aliyefukuzwa bwenini kwa kukataa kukabidhi simu kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, saa zile zile za kujisomea. Ikaamua kwamba kupata intaneti ni sehemu ya haki ya elimu na faragha, ikaagiza arudishwe. Ni uamuzi wa haki kabisa. Nje ya Kerala hukumu hiyo hailazimishi, ila hurejewa. Binti aitaje katika barua kwa uongozi wa bweni, naye abaki na nakala.