Usimtaje kiwavi kwa rangi yake

Ukipangiwa kata kwa mara ya kwanza kama afisa ugani, mahindi yakifika magotini utaanza kuletewa viwavi: kwenye vifuniko vya chupa, kwenye mifuko ya nailoni, wengine kiganjani. Mkulima atasema, "Bwana shamba, wamerudi," na atataka jina hapo hapo. Usiharakishe. Ukikosea jina, umemgharimu dawa, na huenda ukamwacha adui mwenyewe akiendelea kula.

Kinachowaponza wengi ni rangi. Kiwavijeshi vamizi (Spodoptera frugiperda), aliyetokea Amerika, akatangazwa Afrika Magharibi 2016 na kufika kwetu 2017, anaweza kuwa kijani, kahawia au karibu mweusi. Kiwavijeshi wa Afrika (Spodoptera exempta), tuliyemzoea miaka mingi, naye hubadilika. Wakiwa kundi kubwa huwa weusi wenye mistari ya kijani-njano ubavuni. Wakiwa wachache hubaki kijani au kahawia, na hapo ndipo watu hubishana.

Mimi huanzia mkiani. Chukua kiwavi wa sentimita mbili hivi na lenzi ya mkononi, umweke kwenye karatasi nyeupe. Miguu sita ya mbele iko kifuani. Nyuma yake, chini ya tumbo, kuna jozi nne za miguu minene, kisha nafasi isiyo na miguu, halafu jozi ya mwisho kabisa. Kuanzia pingili (kipande cha mwili) inayofuata ile jozi ya nne, hesabu mbili kwenda nyuma: hiyo ya pili ni pingili ya nane ya tumbo. Tazama mgongo wake. Vamizi ana madoa manne meusi yaliyokaa mraba, makubwa kuliko ya pingili nyingine. Pingili zilizo mbele yake nazo zina madoa manne, ila mawili ya mbele yamesogeleana zaidi kuliko ya nyuma. Ukishauona mraba huo mara moja, jicho halitausahau.

Ile Y iliyopinduliwa usoni mwa vamizi, ambayo wote tunafundishwa, ni alama nzuri, lakini haitoshi peke yake. Kiwavijeshi wa Afrika ana mistari inayofanana na V iliyopinduliwa, na ukimtazama kwa haraka juani utaisoma Y. Y na mraba vikikutana, andika jina bila wasiwasi.

Bungua wa mabua ni jamii nyingine, ingawa akiwa mchanga hula ndani ya moyo wa mhindi kama vamizi. Mwili wake ni wa maziwa au wa waridi, na akikua huingia ndani ya bua. Kama unataka kutenganisha bungua wa nyanda za juu (Busseola fusca) na yule wa madoa (Chilo partellus) anayetawala maeneo ya chini na pwani, geuza tumbo juu utazame nyayo za ile miguu minene. Vindoano vidogo vilivyo kwenye nyayo za Busseola vimepangwa nusu duara. Vya Chilo vinafunga duara zima. Inahitaji mwanga mzuri na mkono uliotulia.

Viwavi wadogo sana, wanaoacha jani likiwa na vidirisha vyeupe, usiwakisie. Alama hazijakomaa. Wafuge na majani ya mahindi mpaka wakue, kila mmoja kwenye chombo chake, kwa sababu vamizi hulana wenyewe kwa wenyewe. Lakini usimfanye mkulima asubiri wakue shambani: dawa huwapata vizuri wakiwa wadogo, kabla hawajajificha ndani ya moyo wa mmea na kuziba mlango kwa kinyesi chao. Wapige picha pia kabla ya kuwatia kwenye spiriti ya kuwahifadhi, maana rangi hufifia humo.

Kiwavi akipevuka huwa nondo. Kwenye mtego wa nondo, dume la vamizi lina baka jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele. Jike ni la kijivu-kahawia, halina baka hilo. Chambo cha mtego ni harufu ya jike, kwa hiyo utakaowahesabu ni madume, na kati yao huingia nondo wa aina nyingine. Mwaga wote kwenye sinia jeupe, tenga wenye baka, kisha ndipo uandike idadi kwenye fomu.