Muulize Anti: Nimekosa vipindi, sasa naanzia wapi?

Jamani mwezi huu kikapu kimejaa barua za vyuo tu, ni ule wakati wa semista watu wanaanza kuhesabu siku walizokosa huku mtihani unasogea. Nimechagua chache, nyingi zilikuwa zinafanana, kwaiyo usipoona swali lako angalia la mwenzio. Kwa msionijua, kabla ya kuandika humu nilikaa miaka mingi kwenye ofisi ya mlezi wa wanafunzi, upande ule wa dirisha mnaouogopa.

SWALI: Shikamoo Anti. Niko mwaka wa pili. Mama yangu alifariki mwanzoni mwa semista, nikaenda kuzika, nikarudi baada ya wiki moja. Ile wiki ya msiba sina wasiwasi nayo sana maana kiongozi wetu wa darasa aliwaambia walimu. Shida niliporudi nikawa siwezi kutoka, yaani naamka, navaa kabisa mpaka viatu, alafu nakaa kitandani mpaka jioni. Zikapita wiki mbili zingine hivyohivyo. Jumla nimekosa wiki tatu, tesiti moja na maabara mbili. Mhadhiri mmoja alinitumia imeli kuniuliza niko wapi, sijaifungua mpaka leo, naogopa. Rumeti wangu anasema kuna mtu anauza vyeti vya hospitali vyenye mhuri kabisa, nidai nilikuwa nimelazwa. Nifanyeje? – Aliyenyamaza

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mama. Barua yako nimeisoma mara mbili na kilichonishtua ni hiyo imeli ambayo hujaifungua. Pale ofisini wale niliowaona wakipotea moja kwa moja walikuwa wanaanza hivyohivyo, siku walizokosa zingefidiwa vizuri tu, ila wakakaa kimya, na ukikaa kimya leo kesho inakuwa ngumu zaidi kuandika, wiki ijayo ndo kabisa unaanza kuwakwepa walimu kwenye korido.

Kwanza tupige hesabu maana naona umeshajihukumu bila kuhesabu. Vyuo vingi vinataka mahudhurio yasishuke chini ya asilimia 75 ndo ukae mtihani, vingine 80, soma kanuni za chuo chako na ile karatasi ya muhtasari wa kosi mliyopewa wiki ya kwanza (ambayo najua hukuisoma, hakuna anayeisoma). Chukua kosi ya saa 3 kwa wiki, semista ya wiki 15, hizo ni saa 45. Wiki tatu ni saa 9, asilimia 20. Kwaiyo bado una 80! Kwa kiwango cha 75 unaruhusiwa kukosa saa 11 na kidogo, umebakiwa na kama saa 2 hivi, hazifiki hata wiki moja, lakini bado uko ndani. Na hapo nimehesabu saa 9 zote kama utoro, wakati wiki ya msiba inaweza kabisa kutolewa kwenye hesabu ukiiandikisha. Ukiiandikisha, nimesema, maana kiongozi wa darasa kumwambia mwalimu kwa mdomo siyo taarifa, hakuna karatasi popote, na mwezi wa mtihani hakuna atakayekumbuka.

Kesho asubuhi anzia ofisi ya mlezi wa wanafunzi, vyuo vingine wanaiita ofisi ya ustawi au huduma kwa wanafunzi, ni ileile. Omba wakuandikie barua ya taarifa iende kwa wahadhiri wako wote kwa mpigo, ili usilazimike kusimulia kifo cha mama yako mara sita kwa watu sita. Wao wanaona ushahidi wa msiba, wahadhiri wanaambiwa tu kwamba upo. Ila hapa wengi hamuelewi, na nimeshagombana na wanafunzi wengi sana kwa hili: barua ile inathibitisha kwamba sababu yako ni ya kweli, basi, haimlazimishi mhadhiri kitu. Kama utarudia tesiti, au alama zake zitahamishiwa kwenye mtihani wa mwisho, au utapewa kazi mbadala, hiyo anaamua yeye au idara kwa kanuni zao. Ofisi ya mlezi haina rungu.

Palepale omba kuonana na mnasihi. Mtu akikaa kitandani amevaa viatu mpaka jioni wiki mbili, hilo si jambo la kuambiwa jikaze, linahitaji mtu aliyesomea. Alafu kuna faida ya karatasi pia: wiki ya msiba ina ushahidi, hizi mbili zilizofuata hazina. Mnasihi au daktari wa chuo akikuona anaweza kuandika anachokiona, lakini wengi hawapendi kuandika cheti cha kurudi nyuma, wanaandika kuanzia siku uliyofika kwao. Ndo maana nasema kesho na siyo wiki ijayo ukishajisikia nafuu.

Ukitoka hapo fungua ile imeli umjibu. Usiombe radhi kurasa tatu, anazo imeli 200. Andika hivi: "Habari za kazi mwalimu. Naitwa fulani, namba ya usajili fulani, kosi fulani. Nimekosa vipindi kuanzia tarehe fulani mpaka fulani kwa sababu ya msiba wa mzazi na hali yangu ya afya baada ya msiba. Nimekosa tesiti ya kwanza na maabara ya 3 na ya 4. Taarifa iko ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Naomba kuja kukuona wiki hii tuongee namna ya kufidia." Wahadhiri wengine watumie hiyohiyo ukibadilisha vipindi. Na usije ukamuuliza "kuna kitu cha maana nilikosa?", hiyo sentensi inawaudhi walimu kuliko utoro wenyewe. Noti omba kwa wenzio, kwa mwalimu nenda na maswali.

Maabara zipe haraka yake. Lekcha utasoma kwenye noti za mtu, maabara vifaa vinapangwa wiki moja alafu vinatolewa. Uliza kama kuna kundi lingine bado halijafanya zoezi hilo uingie nalo, au kama wana wiki ya fidia mwisho wa semista.

Cheti cha kununua achana nacho. Mimi nilikuwa napiga simu hospitali mwenyewe, namtajia mtu namba ya cheti ananijibu kama ni chao au siyo chao, hata haniambii mgonjwa anaumwa nini. Kuna kijana aliniletea cheti cha tarehe 30 Februari. Utoro unaweza kukunyima mtihani wa kosi moja, kughushi kunakupeleka kamati ya nidhamu na unaweza kufukuzwa chuo. Na wewe sababu unayo, ya kweli, nzito kuliko hiyo ya kulazwa, sasa unanunua uongo wa nini?

Ukiona hata ukipangiwa vizuri bado huwezi, uliza kuhusu kuahirisha semista. Hiyo ina tarehe yake ya mwisho na lazima iombwe kwa maandishi kabla mitihani haijaanza, na uliza kabisa ada uliyolipa inahamia au inapotea, na kama unasomeshwa na mkopo au mfadhili waulize na wao kabla hujasaini fomu.

SWALI: Anti mambo, mimi na mwenzangu tunasainiana atendansi kwa zamu, tupo 300 darasani mwalimu hatujui. Kuna ubaya? – Zamu yangu Alhamisi

JIBU: Upo. Ni udanganyifu na mkikamatwa mnaenda wawili, aliyesainiwa na aliyesaini, na aliyesaini ndo huwa ananishangaza maana yeye alikuwepo darasani kihalali. Mwalimu hawajui kwa sura ila anaweza kuhesabu vichwa 140 na sahihi 260.

SWALI: Habari Anti. Nina selimundu. Maumivu yanakuja bila taarifa, naweza kuwa mzima Jumatatu, Jumanne nimelazwa. Kila nikirudi natakiwa kupeleka cheti kipya na kueleza upya, mwalimu mmoja akasema mbele ya darasa "wewe kila siku unaumwa". Nimechoka. – Mwaka wa kwanza

JIBU: Pole mdogo wangu, na huyo mwalimu alikosea, hali ya afya ya mwanafunzi haitangazwi darasani. Wewe njia yako ni tofauti na ya mwenzio wa juu. Usiende kwa kila tukio, jiandikishe mara moja kwenye kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Najua utasema mimi sina ulemavu, wote husema hivyo, ila vitengo hivyo mara nyingi vinapokea pia magonjwa ya muda mrefu yanayokuja na kuondoka: selimundu, kifafa, pumu kali, kisukari, sonona. Unapeleka ripoti moja ya daktari wako inayoeleza ugonjwa na jinsi unavyoathiri masomo, mnakaa mnakubaliana kwa mfano utoe taarifa ndani ya muda gani ukizidiwa, unaongezewa siku ngapi za asaimenti, lekcha zirekodiwe au hapana, tesiti ikikukuta wodini inakuwaje. Walimu wanapata barua ya makubaliano bila jina la ugonjwa.

Mambo mawili uyajue. Makubaliano kwa kawaida hayarudi nyuma, asaimenti iliyoshapata sifuri kabla hujajiandikisha haitafufuka kirahisi, kwaiyo jiandikishe ukiwa mzima. Na haimaanishi kukosa bila kikomo, kosi za vitendo zina kiwango ambacho hakipunguzwi kwa mtu yeyote, mwambie afisa akueleze zipi kwenye programu yako ziko hivyo ujipange mapema.

SWALI: Mimi ni mzazi. Mwanangu yuko chuo mwaka wa tatu, simu hapokei, nimepiga chuo kuuliza kama anahudhuria wakanijibu hawawezi kuniambia. Ada nalipa mimi! – Baba

JIBU: Mzee wangu shikamoo. Naelewa uchungu, lakini mtoto wako kwa chuo ni mtu mzima na rekodi ni zake, hata kama risiti ni zako. Wenzetu Marekani wana sheria kabisa, FERPA ya mwaka 1974, mtu akishajiunga na chuo haki juu ya rekodi zake za masomo inahama kutoka kwa mzazi inakuwa yake hata kama ana miaka 17, ina milango yake michache kama dharura ya afya. Kwaiyo acha kuuliza kama anahudhuria. Piga ofisi ya mlezi wa wanafunzi useme "nina wasiwasi na usalama wa mwanangu, siku kadhaa sijampata, naomba mtu amwangalie". Hilo wanaweza kulifanya, mtu anatumwa bwenini au anaitwa ofisini, na ataombwa akupigie. Mimi mzazi akinipigia kwa kuuliza alama nilikuwa namkatalia, akisema ana wasiwasi nilikuwa nainuka kwenye kiti. Akipokea simu, mzee wangu, usianze na ada.

SWALI: Anti nasoma Marekani kwa viza ya F-1, mjamzito miezi sita, nitajifungua katikati ya semista. Profesa anasema silabasi yake ni kukosa mara tatu tu, ya nne unashuka gredi. Nifikirie kudropu kosi mbili? – Mama mtarajiwa

JIBU: Hongera! Usidropu chochote kwanza. Huko kuna sheria ya Title IX ya mwaka 1972, chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kinatakiwa kukubali kukosa kwako kwa sababu ya ujauzito na kujifungua kwa muda ambao daktari anaona unahitaji, na ukirudi urudi palepale ulipokuwa, na kazi ulizokosa upewe nafasi ya kuzifidia. Silabasi ya profesa haiko juu ya hiyo. Mtafute mratibu wa Title IX wa chuo sasa hivi ukiwa na nguvu, akuandikie mpango.

Kuhusu kudropu ndo hatari yako ilipo. Shahada ya kwanza kwa F-1 kwa kawaida ni angalau krediti 12 kwa semista, ukishuka chini bila idhini ya afisa wa wanafunzi wa kimataifa umevunja masharti ya viza hata kama sababu yako ni njema. Idhini inatangulia, kudropu kunafuata. Kama daktari ataandika kwamba kiafya huwezi mzigo kamili afisa anaweza kukupunguzia, hata kukutoa kabisa kwa muda, ila jumla isizidi miezi 12 kwa ngazi moja ya masomo.

SWALI: Nikienda kwa mnasihi wa chuo itaandikwa kwenye transkripti? – Naulizia rafiki

JIBU: Haiandikwi. Transkripti ina kosi na gredi. Mnasihi anatunza siri isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, na hilo wengi hukwambia dakika tano za kwanza. Mwambie rafiki aende, na asipoelewana na wa kwanza aombe mwingine, hawanuni.

SWALI: Mwalimu wetu mwenyewe amekosa vipindi vinne mfululizo, na yeye tumpeleke wapi? – Darasa zima

JIBU: Kwa mkuu wa idara, kwa maandishi, na tarehe zote nne. Msainie wote, safari hii kila mtu kwa mkono wake.