Kichupa kisiposhika rangi, usikimbilie kuongeza klorini

Mkuu, umesema unaweka klorini kwenye bwawa lako la kuogelea kila jioni, maji yanang'aa hadi vigae vya chini vinahesabika, lakini asubuhi ukipima, kichupa cha kupimia klorini hakishiki rangi kabisa. Unauliza kama uongeze dozi. Kwa haya uliyoeleza, usiongeze hata kijiko. Ngoja kwanza.

Mimi yalinikuta mwaka wangu wa kwanza. Bwawa langu ni la lita 50,000 hivi. Siku moja walijaa watoto, klorini ikaisha kweli, nikamwaga kilo nzima ya unga wa klorini wa asilimia 65. Asubuhi napima, kichupa cheupe. Nikasema hii dawa feki, nikaongeza nusu kilo. Kesho yake cheupe tena. Kilichonishtua ni kaptula yangu ya kuogelea: niliingia ikiwa ya bluu, ilipokauka imefubaa kama ya miaka kumi, na macho yananiwasha.

Nikarudi kwenye kipimo, safari hii nimekikodolea macho. Nilipotia kidonge cha kupimia, maji yaligeuka waridi kufumba na kufumbua, kisha rangi ikapotea. Kumbe hivi vipimo vya waridi (DPD) vina kasoro hiyo: klorini ikizidi sana, inaifuta ile rangi yenyewe. Inakuonyesha sifuri wakati bwawa limelewa klorini.

Dawa yake ni rahisi. Chukua sehemu 1 ya maji ya bwawa, changanya na sehemu 9 za maji ya chupa yasiyo na klorini, pima, kisha zidisha jibu kwa 10. Langu lilisoma kati ya 1 na 2, maana yake bwawa lilikuwa na zaidi ya miligramu 10 kwa lita, ilhali kawaida mimi nalishikilia kati ya 2 na 3. Niliacha kuweka chochote, nikalifungua lipigwe na jua, pampu inazunguka, hakuna kuogelea mpaka iliposhuka chini ya 4. Tangu hapo naweka pia kile kipimo cha zamani cha matone ya njano. Hakitenganishi klorini huru na ile iliyokwisha kufungamana na jasho na mikojo, kwa hiyo sikitegemei kwa kazi ya kila siku, lakini klorini ikizidi kinakwenda rangi ya chungwa hadi kahawia. Hakikufichi.

Ukichanganya moja kwa tisa bado ukakuta sifuri, basi pima tena maji yasiyochanganywa na ukodoe macho hivyo hivyo. Pasipo hata mmweko wa waridi, klorini imeisha kweli, na swali ni nani anaila. Rudisha dozi, pima jua likishazama, pima tena kabla halijachomoza. Ikipungua zaidi ya miligramu 1 kwa lita usiku, kuna kitu majini, mara nyingi mwani unaoanza hata kama maji bado yanang'aa. Ikibaki usiku ikaisha mchana, ni jua: bila asidi ya sianuriki ya kuikinga, nusu ya klorini inaweza kupotea ndani ya saa moja. Hiyo asidi mimi naiweka miligramu 30 hadi 50 kwa lita. Ila kama unatumia vile vidonge vya klorini vya kuelea, tayari unaiongeza bila kujua, kama miligramu 6 kwa kila 10 za klorini, na haipungui mpaka utoe sehemu ya maji ujaze mapya. Ikirundikana, klorini ipo lakini inafanya kazi kwa uvivu.

Na pH (kipimo cha uchachu wa maji) usiisahau, 7.2 hadi 7.8.

Kuhusu uchotaji, zamisha kichupa hadi kiwiko, mbali na tundu la maji yanayorudi kutoka kwenye kichujio. Usikizibe kwa kidole gumba (nilifanya hivyo miezi!), na dawa ya kupimia iliyopitwa na tarehe itupe tu.

Unga na vidonge usivichanganye kamwe, hata kwa kutumia kijiko kimoja, vinaweza kulipuka. Na unga ndio unaotiwa kwenye ndoo ya maji, si maji kumwagiwa juu ya unga.

Fanya hicho kipimo cha moja kwa tisa leo jioni ulete namba, na useme unatumia unga au vidonge.