Namba za simu kupoteza sifuri kwenye Excel

Dada, umeuliza kwa nini ripoti ya wateja ukiitoa kwenye programu ya hesabu, namba za 07 zinamfikia mhasibu zikianza na 7. Programu haina kosa. Faili ya CSV ni maandishi matupu. Ukiibofya mara mbili, Excel inadhani namba ya simu ni kiasi cha kuhesabia na kuitupa sifuri ya mbele. Kwa hivyo usiibofye. Fungua Excel tupu, ingia Data, ilete faili kutoka huko, na safu ya simu uipe aina ya Text kabla ya kupakia.

Tafadhali kagua tarehe pia, hapo ndipo pabaya zaidi: kompyuta ikiwa na mpangilio wa Kimarekani, 03/04, ambayo kwetu ni Aprili 3, inasomwa Machi 4, na mauzo ya Aprili yanaingia VAT ya Machi.