Kabla hujaandika "kukaa"

Wiki hii nimepitia rasimu tatu za wafasiri wapya, na zote zimegeuza neno la Kiingereza "sitting" kuwa "kukaa". Mmoja kaandika "mbunge anayekaa". Anakaa wapi, jamani? Nawapenda, wadogo zangu, lakini leo mmenichosha.

1. Bungeni ni kikao. Fungueni Hansadi ya Dodoma, ile kumbukumbu rasmi ya majadiliano ya Bunge: juu Mkutano, chini yake Kikao cha Kwanza, cha Pili, na kuendelea. Mkutano mmoja una vikao vingi, msivichanganye. Posho ni posho ya kikao. Na mbunge yule ni mbunge aliyepo.

2. Mtihani unafanywa. Haukaliwi.

3. Kuku. Hapa nitakawia. Mwaka wangu wa pili kazini nilifasiri kijitabu cha ufugaji wa kuku wa kienyeji. Nikaandika "kuku wanaokaa watengwe na wenzao", nikawasilisha, nikalipwa. Baadaye nikafuatana na bwana mifugo kijijini. Mama mmoja akafungua pindo la khanga, akatoa kijitabu changu. Alikuwa ametenga mitetea wawili walioacha kutaga, maana ndio "wanaokaa tu". Yule aliyekuwa akiatamia mayai akamwacha bandani na wenzake, nao wakawa wanaingia kiotani mwake na kutaga humo humo. Siku ya 21 wakatoka vifaranga watatu. Mama yao akashuka nao, mayai yaliyobaki yakapoa.

"Mwanangu, si ungesema tu kuku anayeatamia?"

Hakunigombeza. Akapasua yai moja mbele yetu. Ndani mlikuwa na kifaranga aliyeanza kuota manyoya.

Kuatamia nalijua tangu utotoni, bibi yangu alilisema kila siku uani. Ila sikusoma aya nzima. Macho yaliona kitenzi, mkono ukaandika "kaa". Ndiyo maana nikiona rasimu zenu moyo unanienda mbio.

4. Kitabu kilichosomwa "in one sitting" kimesomwa kwa mkupuo mmoja.

5. Mkirudi upande wa pili, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, mambo ni yale yale. Anayekaa Temeke anaishi Temeke. Gauni lililomkaa limempendeza. Na mjane Mwislamu aliyekaa eda, yaani muda wa kungoja baada ya kufiwa na mume, miezi minne na siku kumi, mmoja wenu kamwandika kama mtu aliyeketi kitini muda wote huo. Mkifika hapo, acheni kibodi, nipigieni simu. Hata usiku.